Tundu la Bomba Chini ya Boriti

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 11 Novemba 1975, kabla ya jua la mchana. Siku hiyo mimi na shemeji yangu Lazaro tulikuwa tunatoboa ukuta wa zahanati ya kijiji ili bomba la maji liingie kwenye chumba cha wazazi. Tarehe naitaja mwanzoni kwa sababu kila nikisimulia jambo hili hakosekani mtu wa kuniambia, "Mzee Alute, hayo ni ya zamani, umeshachanganya." Sijachanganya. Wanaotaka yachanganyike ni wengine.

Kijiji chetu kilikuwa kipya, upande wa kusini wa Ikungi, mahali ambapo kabla ya Operesheni Vijiji palikuwa vichaka na fisi. Tulihamia mwaka uliotangulia. Tembe zetu tulizibomoa kwa mikono yetu, maana tuliambiwa asiyebomoa atabomolewa. Mke wangu, Theresia, hakulia siku ile kama wanawake wengine. Alifunga mzigo akasema, "Baba Felista, huko wamesema kutakuwa na zahanati. Twende."

Alikuwa na sababu. Baada ya binti yetu Felista alijifungua mara mbili nyingine, na mara zote mbili mtoto alipotea, na yeye mwenyewe damu ikamtoka hadi tukamwita kwa jina asiitike. Mkunga wa misheni alituonya. Akibeba mimba tena asizalie nyumbani, azalie penye dawa ya kuzuia damu. Nilikuwa mtu wa kutotaka kuhama, lakini kwa neno hilo moja nilihama. Na mwaka ule wa 1975, tulipokuwa tunavuna mtama, tumbo la Theresia lilikuwa limeshaonekana.

Basi mimi zahanati ile niliijenga kwa nguvu kuliko watu waliokuja kwa kuogopa kuitwa wavivu. Mawe tuliyapasua mlimani, yale meusi yenye chembe nyeupe ambayo nyundo ikiyapiga inarudi. Bwana mjenzi kutoka wilayani alikuja akavuta kamba, akaona msingi umekaa, akaondoka. Akarudi ukuta ulipofika mabegani, akaondoka tena. Saruji haikutosha. Akatuambia ndani ya ukuta tujaze udongo na kokoto, saruji tuitie kwenye maungio ya nje tu, ionekane. Mifuko iliyobaki ilikwenda kusakafia ofisi ya kijiji. Simtaji aliyeipeleka. Sakafu ipo, kila mtu ameikanyaga.

Jengo lilikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza cha kuzalia, cha pili cha dawa na kitanda cha mgonjwa. Tuliletewa nesi, Dorkas, mama wa Kigogo kutoka upande wa Manyoni, mweusi, mnene, asiyependa upuuzi. Akapanga dawa zake kwenye kabati la chumba cha pili. Akamwonyesha Theresia vichupa vidogo vyenye sindano zake, akamwambia, "Hivi ndivyo vyako, mama. Damu ikija, hivi vinaisimamisha." Theresia alirudi nyumbani siku hiyo anaimba. Lakini Dorkas alikuwa na sharti, na alilitangaza mbele ya mkutano.

"Mzazi simpokei mpaka maji yafike ndani. Nimeona wanawake wanakufa kwa homa ya mikono michafu. Hapa sitaki."

Hakuna aliyempinga. Maji yenyewe yalikuwa karibu kufika. Mtambo wa upepo ulishasimamishwa mlimani, tangi likajengwa, na bwana maji akalaza bomba kwenye mtaro mpaka chini ya ukuta wa zahanati. Hapo likakwama. Aliyejenga hakuacha tundu, na aliyeleta bomba hakuuliza tundu liko wapi. Bwana maji akafunga mdomo wa bomba kwa gunia, akapanda gari, akasema, "Hilo dogo. Mtatoboa wenyewe."

Wapi tutoboe, hakusema.

Aliyesema ni Mwenyekiti wetu, Bonaventura. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, na zamani tukikutana njiani alikuwa anasimama kando na kuniamkia shikamoo. Tangu apewe cheo shikamoo ilikufa. Nilikuwa "Ndugu Alute". Asubuhi ile ya Jumanne alikuja na fimbo yake, akazunguka jengo, akasimama pembeni mwa mlango wa mbele, akagonga ukuta usawa wa kifua.

"Hapa."

Lazaro akatazama. "Hapo ni juu sana, Ndugu Mwenyekiti. Bomba liko chini huku."

"Litapandishwa. Mkuu wa Wilaya anakuja kufungua. Atasimama hapa mlangoni, atafungua maji, watu wote wataona. Ukiliweka nyuma huko, ataingia uvunguni?"

Watu wakacheka. Juu ya pale alipogonga, kidogo tu, ndipo kichwa cha boriti kubwa kilipolala juu ya ukuta, boriti iliyobeba mabati ya chumba chote. Tuliiona sote. Wazee walikuwepo, vijana walikuwepo, na mimi nilikuwepo. Hakuna aliyesema kitu, na nitaeleza kwa nini.

Sisi ni watu wa tembe. Kwenye tembe paa halikai juu ya ukuta. Paa linakaa juu ya nguzo zenye panda, zimesimama zenyewe, na boriti zimelala kwenye panda hizo. Ukuta ni nguo tu ya kuzuia upepo na fisi. Ukitaka mlango mwingine, unatoboa. Mtoto akioa, unatoboa unaongeza chumba. Mimi nimeona ukuta wa tembe umeanguka wote kwa mvua, na watu wamekaa chini ya paa wanakula. Tangu babu zetu ukuta haujabeba kitu. Sasa nani alituambia kwamba ukuta huu wa mawe ndio nguzo? Bwana mjenzi alilijua hilo, alisoma kwa ajili hiyo. Alikuja mara mbili, akavuta kamba, akanywa chai, akaenda zake.

Tukaanza. Mimi nilikaa nje, Lazaro ndani. Tulipima kwa kamba kutoka kwenye fremu ya mlango ili tundu langu na lake yakutane katikati. Nilishika tindo kwa mkono wa kushoto, nyundo kulia. Saruji ya nje ilitoka kwa vipande vyembamba kama maganda ya yai. Nyuma yake kulikuwa na jiwe moja kubwa, pana kama kiti, lililopita kutoka upande wangu mpaka upande wa Lazaro. Tindo likaruka. Nikapiga tena, likaruka tena na cheche.

Lazaro akaita kutoka ndani, "Shemeji! Umefika Dodoma?"

"Bado niko Manyoni."

"Basi mimi nimelala Ikungi, nimekosa gari."

Theresia akaja na kibuyu cha togwa. Tumbo lilikuwa limeshuka, anatembea mgongo nyuma. Akasimama akatutazama, akaweka mkono kiunoni. "Nyie mnatoboa ukuta au mnaukuna? Huyu mtoto atakuja bomba bado liko nje."

"Mwambie angoje," Lazaro akasema.

"Mwambie wewe mjomba wake. Mimi hanisikii."

Nakumbuka alivyocheka. Akaketi chini ya kivuli cha jengo, upande wa pili, mbali nasi. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa sijui kama inafaa kushukuru.

Bonaventura alirudi akakuta tundu halijafika hata ukubwa wa ngumi. Akakasirika. "Mnachonga jiwe kama mnachonga mwiko? Toeni jiwe zima. Pitisheni bomba, pengine pote mtaziba kwa saruji."

"Saruji ipi?" Lazaro akauliza.

Tukaleta mtarimbo. Tuliuingiza ubavuni mwa jiwe, mimi nikasukuma, Lazaro akavuta kwa upande wake, na watu wawili wakaja kusaidia. Jiwe likatoka kwa shida, likaanguka nje, tukashangilia. Bonaventura alipiga makofi. Halafu udongo ukaanza kumwagika kutoka kwenye lile tundu. Ulikuwa mkavu, unatiririka polepole kama unga kwenye gunia lililotobolewa. Tukautazama tu. Tulidhani utaisha.

Theresia ndiye aliyesimama akaita, "Kaka! Toka humo! Ukuta unatapika!"

Lazaro akatoka mbio. Hakuwa amefika mbali, kichwa cha boriti kikashuka, kikakaa kwenye lile tundu kana kwamba kimechimbiwa, kisha pembe nzima ya ukuta ikafunguka. Mawe yakashuka ndani ya chumba cha wazazi. Mabati yakakunjika yakipiga kelele. Vumbi likaingia kila mahali, likapita hata kwenye mlango wa chumba cha pili uliokuwa wazi.

Hakuna aliyeumia. Vumbi lilipotulia tukamwona Lazaro mweupe kutoka kichwani mpaka miguuni, anatema mate, na watu wakaanza kucheka, kicheko kile cha kuogopa. "Sasa shemeji umefika Dodoma!" mtu akapiga kelele. Mimi mwenyewe nilicheka.

Bonaventura hakucheka. Akasema, "Hii ni hujuma."

Neno hilo wakati ule halikuwa la mchezo. Kicheko kikafa.

"Hujuma ya nani, Ndugu Mwenyekiti?" nikamuuliza. "Wewe ndiye umesema tutoe jiwe."

"Mimi nimesema mpitishe bomba. Sikusema mbomoe mali ya umma." Akawageukia mgambo. "Fungeni jengo lote. Wataalamu watakuja kuchunguza. Kisiguswe kitu."

Chumba cha pili kilikuwa kizima, hakina hata ufa. Wakakifunga vilevile kwa kufuli kubwa, na mgambo akawekwa mlangoni na rungu. Dorkas alikuwa kwenye kijiji cha jirani anachanja watoto. Aliporudi jioni alikuta hata nguo zake zimefungiwa.

Kuanzia siku ile kazi yangu ikawa moja tu, kufuatilia ufunguo. Sikujali tena kuitwa mhujumu. Nilitaka chumba cha pili kifunguliwe kabla ya siku ya Theresia. Dorkas mwenyewe alilegeza sharti lake. "Maji ya ndoo yatatosha," aliniambia. "Nitayachemsha. Nifungulieni tu nizipate zile sindano. Bila hizo nikija nyumbani kwako ni kama nimekuja msibani."

Tukaenda pamoja kwa Bonaventura. Akasema ufunguo ameupeleka kwa Katibu Kata. Nikatembea mpaka kwa Katibu Kata. Akanikalisha kwenye benchi mpaka njaa ikaniuma, kisha akasema ufunguo hana, na hata angekuwa nao asingeutoa, kwa sababu jambo liko wilayani. Nikapanda lori mpaka Singida mjini. Karani mmoja akaniuliza, "Wewe ndiye uliyevunja?" Nikamwambia mimi ndiye niliyeambiwa nivunje. Akasema kamati itakuja, nirudi nikangoje. Nilimweleza habari za mke wangu. Alinisikiliza, nisimwonee, alisikiliza. Kisha akasema, "Mzee, mimi ni karani tu."

Nikarudi nyumbani nikamwambia Theresia kwamba kesho navunja lile kufuli. Alikuwa anachambua kunde. Hakunyanyua uso.

"Usivunje."

"Kufuli ni kitu kidogo, Mama Felista. Nyundo mara moja."

"Na ukuta ulikuwa kitu kidogo. Wameshakuita mhujumu. Ukivunja tena watakufunga, na mimi nikienda, Felista atabaki na nani? Ngoja kamati. Serikali si mnyama. Watafungua."

Hivyo ndivyo alivyosema, serikali si mnyama. Alikuwa anawaamini. Alihamia kule kwa kuwaamini. Nikangoja.

Kamati haikuja. Ilikuja mvua ya kwanza, na watu wote wakaenda shamba la kijiji kupanda. Siku ya pili ya mvua, mchana, uchungu ukamkamata Theresia akiwa anakinga maji. Felista alikimbia kumwita Dorkas, na Dorkas akaja na beseni na vitambaa. Mimi nilikaa nje ya mlango kama inavyompasa mwanamume. Nikamsikia mtoto analia, kilio cha nguvu, nikasema moyoni, basi, tumepita. Kisha kukawa kimya. Dorkas akatoka. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Baba Felista," akasema polepole, "mikono yangu imefika mwisho. Kaniletee zile sindano."

Nilichukua nyundo ileile, nikakimbia. Lazaro aliniona kutoka shambani akatupa jembe akanifuata. Mgambo aliyekuwa mlangoni alikuwa jirani yangu wa tangu zamani, Simeoni. Alituona tunavyokuja, akaona nyundo. Akaweka rungu chini.

"Mimi nakwenda kujisaidia," akasema. "Sijaona kitu."

Kufuli lilikatika kwa pigo la tatu. Tukasukuma mlango.

Chumba kilikuwa kitupu.

Kabati lilikuwepo, milango yake wazi. Hakuna dawa hata moja. Kitanda hakipo. Hata lile sanduku la nguo za Dorkas halikuwepo. Nilipapasa kila rafu kwa mikono kama kipofu. Vumbi la ukuta lililoingia siku ile lilikuwa limepenya hata kabatini, limetanda juu ya kila kitu, na mahali vichupa vilipokuwa vimesimama paliachwa alama za duara, safi, zimejipanga mstari. Sakafuni palikuwa na alama za miguu minne ya kitanda. Hata mimi nisiyesoma sana nikaelewa. Vitu vilikuwemo ukuta ulipoanguka. Vilitolewa baadaye, baada ya kufuli kufungwa.

Lazaro akasema, "Shemeji, twende." Nikabaki nimesimama. Akanishika mkono akanivuta kama ng'ombe.

Theresia alikuwa macho nilipoingia. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Akaniuliza, "Umezipata?"

Nikamwambia, "Zinakuja."

Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume sita wakabeba, kuelekea barabara ya Dodoma kungoja gari lolote. Njia ilikuwa tope. Dorkas alitembea pembeni ameingiza mkono chini ya shuka, anakandamiza tumbo, anasema naye Kigogo, na Theresia ambaye hakujua Kigogo alikuwa anaitika. Kisha akawa haitiki. Dorkas aliendelea kukandamiza. Tuliifikia barabara, tukaweka kitanda chini, na lori la kwanza lilipofika Dorkas akalipungia mkono lipite.

Mtoto aliishi. Dorkas alimpa jina, Hana, mimi sikuwa na jina la kumpa mtu.

Kamati ilikuja baada ya arobaini. Walikuja watu wanne na gari. Mimi walinitoa mahabusu ili nijibu, maana nilishakamatwa kwa kuvunja kufuli la serikali. Walipima lile tundu kwa futi. Waliuliza jiwe lilikuwa na upana gani, na nani alishika mtarimbo, na nani alisukuma na nani alivuta. Bwana mjenzi alikuwepo, amevaa kofia, anatikisa kichwa. Alisema ni jambo la kusikitisha kwamba wananchi hawajui kuwa ukuta wa mawe hubeba paa. Waliandika. Mkutano mzima ulisikiliza jambo hilo la tundu mpaka watu wakaanza kusinzia.

Nikaomba nafasi. Bonaventura akaninyima. Mmoja wa wale wageni, mtu mzima mwenye mvi, akasema, "Mwacheni mzee aseme."

Nikasimama. Nikawaambia, "Tundu nimelitoboa mimi. Niliambiwa na Mwenyekiti nitoboe hapo, nikatoboa. Mkitaka kunifunga kwa tundu, nifungeni. Lakini mimi nauliza habari za chumba cha pili. Kilikuwa kizima. Kilifungwa. Mgambo walikaa zamu mlangoni. Nilipokifungua kilikuwa kitupu. Nesi yuko hapa, muulizeni aliacha nini ndani."

Dorkas akasimama bila kuitwa. Akataja kila kitu, dawa na kitanda na sanduku lake. Watu hawakusinzia tena. Nilimwona Simeoni anatazama chini. Nilimwona Katibu Kata anafuta miwani yake. Bonaventura akasema, "Hilo halikuwa katika ajenda," na yule mwenye mvi akamtazama, akatutazama sisi, akatazama gari lake. Mawingu yalikuwa yanakusanyika. Akasema swali ni zuri, litafuatiliwa, na njia ni mbaya, inabidi waondoke kabla ya mvua.

Ukuta ulijengwa upya kwa saruji tupu. Bomba lilipitishwa nyuma, chini, na Mkuu wa Wilaya akafungua maji, na hakuingia uvunguni. Wanawake wengi wamezaa mle salama, sikatai. Hana mwenyewe amezaa mle. Bonaventura alihamishwa akapewa cheo kingine mahali pengine, kama ilivyo kawaida yao. Simeoni nilimuuliza mara nyingi zamu za usiku zilikuwa za nani, akawa anasema amesahau, mpaka akafa. Dorkas alipostaafu alikuja kuniaga, akakaa kwenye kigoda hiki.

Habari za tundu nimeshaelezwa na kila mtu, mpaka wajukuu wangu wanaosoma ufundi wamenichorea kwenye mchanga jinsi mzigo unavyoshuka. Nimeelewa. Hilo sina haja ya kuelezwa tena. Mimi nangoja mtu mmoja tu, aliye hai bado, aje anijibu: vile vichupa vilitolewa na nani, na vilikwenda kuzuia damu ya mke wa nani?